Naomba ushauri: filamu ya mwisho ya trilojia ya Batman niipime kwa mizani ipi?

Pazia la Tatu (mwanzisha mada)

Wapenzi wa filamu, salamu kwenu nyote. Kuna jambo linanitatiza kwa wiki ya pili sasa, na kwa kuwa humu wamo watu waliotazama filamu za mashujaa kwa miaka mingi kuliko mimi, nimeona nililete kwenu. Ambaye bado hajaitazama filamu ninayoizungumzia ajue kwamba nitaufichua mwisho wake.

Mimi na wenzangu wachache tumejiwekea utaratibu wa kutazama filamu, kisha mmoja wetu huandika tathmini na kutoa alama kati ya 10. Zamu hii nimepewa The Dark Knight Rises ya mwaka 2012, ambayo ni ya tatu na ya mwisho katika filamu za Batman zilizoongozwa na Christopher Nolan, baada ya Batman Begins ya 2005 na The Dark Knight ya 2008. Mara ya kwanza niliitazama peke yake, usiku mmoja, huku ile ya pili ikiwa imenijaa kichwani, nikaipa alama 6. Nilikuwa na sababu zangu. Uvamizi wa soko la hisa unaanza mchana kweupe, lakini kufumba na kufumbua pikipiki zinafukuzwa gizani. Karibu polisi wote wa jiji wanateremshwa chini ya ardhi kwa pamoja, uamuzi ambao sidhani kama kuna kamanda makini angeukubali. Bruce Wayne, ndiye Batman mwenyewe, anatoka katika gereza la shimo lililo nchi ya mbali, hana fedha wala hati ya kusafiria, kisha anaibuka ndani ya Gotham, jiji lake, ambayo imefungwa kila upande, na hatuelezwi ameingiaje. Juu ya yote hayo, Joker, adui wa filamu ya pili, hayupo. Heath Ledger aliyemwigiza alifariki Januari 2008, kabla hata filamu ya pili haijatoka, na pengo lake niliendelea kuliona kila Bane, adui wa filamu hii, alipotokea.

Wiki iliyofuata nilizitazama zote tatu kwa mfuatano, ndani ya siku mbili, na machozi yakanitoka mahali ambapo mara ya kwanza nilikuwa natazama saa. Ni pale shimoni. Bruce anapanda ukuta akiwa amefungwa kamba, anaanguka. Anajaribu tena, anaanguka tena, na katika maumivu yale anamkumbuka baba yake alivyomtoa kisimani alipokuwa mtoto. Kisima hicho ndicho kilichofungua filamu ya kwanza, na hofu ya popo aliyoipata humo ndiyo iliyokuja kuwa vazi lake. Mara ya mwisho anapanda bila kamba, na kabla hajaruka, popo wanafumuka kutoka ukutani. Anayeitazama filamu hii peke yake anaona mfungwa akiruka. Mimi niliyekuwa nimetoka kuitazama ya kwanza nilimwona mtoto yuleyule akitoka kisimani, safari hii bila baba wa kumbeba.

Nikaipandisha hadi 8 na nusu. Sasa mdogo wangu, ambaye katika zote tatu ameitazama hii ya mwisho tu, ananiambia kwamba zile alama mbili na nusu nilizoongeza ni mali ya filamu nyingine, na kwamba kuzihamishia huku ni kuipendelea. Sina jibu la kumridhisha. Je, filamu inayofunga trilojia ihukumiwe kwa jinsi inavyosimama yenyewe, au kwa jinsi inavyokamilisha yaliyoanzishwa? Na kasoro zile za mtiririko nizipe uzito gani?

Kalamu Nyekundu

Ndugu Pazia, mdogo wako ameuliza swali zuri, ila sikubaliani na hukumu yake. Filamu iliyotengenezwa kuwa ya tatu ilifanya uamuzi huo kwa makusudi, na kuipima kana kwamba haina ndugu ni sawa na kuisoma sura ya mwisho ya riwaya halafu kumlaumu mwandishi kwamba hakuwatambulisha wahusika. Hata hivyo nakuomba utenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kuna filamu ya mwisho inayolipa deni lililoachwa na zile za nyuma, na kuna filamu ya mwisho inayorudi nyuma kuyafuta maandishi ya deni.

Chukua Spider-Man 3 ya mwaka 2007. Filamu ya kwanza ya 2002 ilimjenga Peter Parker, ndiye Spider-Man, juu ya kosa moja: alimwacha mwizi apite, na mwizi huyo akamuua mjomba wake. Ya tatu inakuja kutuambia kwamba aliyefyatua risasi alikuwa mtu mwingine, Flint Marko, ndiye Sandman. Nimeirudia filamu ile mara kadhaa kwa sababu namheshimu sana mwongozaji wake, Sam Raimi, na kila mara naona jinsi mstari huo mmoja unavyoung'oa msingi wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Ongeza hapo kwamba maadui ni watatu, na mmoja wao, Venom, aliingizwa kwa msukumo wa watayarishaji zaidi kuliko kwa mapenzi ya mwongozaji, na utaelewa kwa nini hitimisho lile halitulii.

Kwa hiyo kabla ya kutoa alama, andika kwenye karatasi maswali ambayo filamu ya kwanza na ya pili ziliyaacha wazi. Katika Batman Begins, Bruce anataka kuwa ishara, kwa kuwa mtu anaweza kuuawa lakini ishara haifi. Swali basi ni kama ishara hiyo inaweza kuvaliwa na mwingine, na filamu ya tatu inalijibu kwa kumwachia Blake, polisi kijana, pango la Batman. Binti wa Ra's al Ghul, adui wa filamu ya kwanza, anarudi kuimaliza kazi ya baba yake, kwa hiyo hata adui wa mwisho ametoka humo. Hayo ni malipo halali, na alama zake ni za filamu ya tatu.

Kuhusu mchana kugeuka usiku, itaje kwa sentensi moja uendelee.

Bi Hadithi

Nimeyasoma maelezo ya Kalamu Nyekundu na nayakubali kama kipimo, lakini nikikitumia kipimo hichohicho, 8 na nusu inakuwa nyingi.

Deni kubwa kuliko yote katika trilojia hii ni uongo kuhusu Harvey Dent, mwendesha mashtaka wa jiji aliyegeuka muuaji. Filamu ya pili inamalizika kwa Batman kujitwika lawama za mauaji ili jiji liendelee kumwamini mtu ambaye hakustahili, na ya tatu inaanza miaka 8 baadaye, amani yote ikiwa imejengwa juu ya uongo huo. Bane anapousoma hadharani waraka wa Gordon, mkuu wa polisi aliyeushiriki uongo huo, mbele ya gereza la Blackgate, nilikaa sawa kwenye kiti, maana hapo ndipo hadithi nzima ilipokuwa ikielekea. Kisha nini? Blake anamkemea Gordon chumbani, wafungwa wanafunguliwa, na jambo lenyewe linaishia hapo. Hatumwoni hata raia mmoja wa kawaida akiupokea ukweli huo. Hatumsikii mjane, mwalimu wala dereva akisema ametapeliwa kwa miaka 8.

Linganisha na zile meli mbili za filamu ya pili, moja imebeba raia na nyingine wafungwa, kila upande umeshika kitufe cha kuulipua mwingine. Pale watu wa Gotham walipewa nafsi. Walibishana, wakapiga kura, na mfungwa mmoja akakitupa kitufe majini kupitia dirishani. Katika filamu ya tatu jiji linatekwa kwa miezi, na watu wake hawaonekani isipokuwa kama kundi la nyuma. Kwangu mimi hilo linauma kuliko swali la Bruce kuingia mjini, kwa sababu ni trilojia yenyewe ndiyo iliyotufundisha kwamba anachokipigania ni roho za watu hao.

Ushauri wangu, ndugu yangu: kata alama kwa deni lisilolipwa. Makosa ya saa na ramani hayajamvunja moyo mtazamaji yeyote aliyekuwa ameshikwa na hadithi.

Mkongwe wa Viti vya Nyuma

Kijana wangu, mimi nina neno moja tu, kuhusu Joker. Filamu ya pili iliteuliwa kuwania tuzo 8 za Oscar na ikapata 2, mojawapo ikiwa ya Ledger aliyekwisha kufariki. Ya tatu haikupata uteuzi hata mmoja. Ndiyo kusema mzigo wa kulinganishwa iliubeba tangu siku ya kwanza, na si haki uupakie tena. Mhukumu Bane kwa kazi aliyopewa. Tom Hardy anayemwigiza ameficha nusu ya uso wake karibu filamu nzima, amebakiwa na macho, mabega na ile sauti ambayo hata kabla ya filamu kutoka watu walilalamika kwamba haisikiki vizuri. Rudia pale anapomwekea mkono begani Daggett, tajiri aliyemkodi. Haubonyezi mkono wala hapandishi sauti, lakini tajiri yule anaelewa papo hapo kwamba fedha zake hazinunui kitu tena.

Halafu, ukirudia, litazame vizuri tukio la koti. Batman anapoaga anamwambia Gordon kwamba shujaa anaweza kuwa mtu yeyote, hata aliyemvika koti mtoto mdogo kumwonyesha kwamba dunia haijaisha. Muulize mdogo wako alielewa nini hapo.

Pazia la Tatu

Nawashukuru sana, na wewe mzee wangu kipekee. Nimemuuliza. Amesema aliona polisi akigundua kwamba mtu aliyefanya naye kazi miaka yote ni mtoto aliyewahi kumhurumia, na kwamba hakuhitaji kuambiwa na mtu. Nilipomuuliza kuhusu shimo, akasema aliona tu ni sehemu ndefu.

Bi Hadithi, hoja yako ya watu wa Gotham imenikaa, kwa sababu nilizitazama zote tatu kwa mfuatano na sikuliona hilo. Nimeiandika tathmini upya: aya moja ya kisima, aya mbili za uongo wa Dent, sentensi moja ya soko la hisa. Alama nimeweka 7 na nusu. Mdogo wangu amekubali tuanze na ile ya 2005 Ijumaa hii, na ameniomba nisiongee wakati inaendelea.