Wazee wa "imeisha hiyo" kwenye fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mmetufanya mazuzu vya kutosha

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mwenye roho nyepesi apite uzi mwingine.

Kuna kundi moja la ubashiri, jina silitaji, nililipia kuingia kabla ya fainali za 2025, Oklahoma City Thunder (OKC) na Indiana Pacers, wa kwanza kufika ushindi nne ndiye bingwa. Tangazo lao liliahidi "uchambuzi wa kina". Uchambuzi wenyewe ulipokuja ulikuwa mstari mmoja: "OKC kwa michezo minne, ikizidi sana mitano. Imeisha hiyo." Basi. Nikauliza kwa adabu zote, mkuu, kwa nini mitano na si sita? Nikajibiwa kama kikapu kinanishinda nikacheze bao. Nikanyamaza, maana hela ilishatoka.

Mchezo wa kwanza, robo ya nne, Thunder wako mbele kwa pointi 15. Pacers wamepoteza mpira ovyo usiku mzima, wanaupeleka mikononi mwa adui kama wanagawa peremende. Mwenye kundi akatupia neno moja: "Kalaleni." Watu wakaanza kuagana. Mimi sikulala, si kwa ujanja, ni ubishi tu. Pointi 15 zikawa 8, zikawa 4, zikawa 1. Ikabaki sekunde chache, Tyrese Haliburton wa Pacers akausukuma mpira mbele, akasimama ghafla, akaruka, akatupa. Ukaingia saa ikiwa na sekunde 0.3. Pacers 111, Thunder 110. Na ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Pacers kuongoza katika mchezo mzima.

Nikakimbilia simu nikamwulize bwana mkubwa. Nikakuta pale palipokuwa na "Kalaleni" pameandikwa: Ujumbe huu umefutwa.

Wakuu, ningemsamehe kukosea. Mimi mwenyewe ni bingwa wa kukosea, nitafika huko. Kile kidole kwenye kitufe cha kufuta ndicho kinachonichoma mpaka leo.

Na ngoja, hata hapo sijafika. Thunder mwishowe walichukua ubingwa, na siku ile yule bwana akarudi na kifua mbele: "Si niliwaambia?" Ulituambia nini, mkuu? Ulisema minne au mitano. Ilikwenda saba! Pacers walikuwa mbele 2-1, na mchezo wa nne waliingia robo ya mwisho wakiongoza. Shai Gilgeous-Alexander wa Thunder asingewaka dakika tano za mwisho akafunga pointi 15 peke yake, ingekuwa 3-1 na wewe ungekuwa umebadilisha jina la kundi. Mchezo wa sita Thunder wakachapwa 108-91. Wa saba Haliburton akaanza na mitupo mitatu ya pointi tatu, halafu ukano wa kisigino ukakatika robo ya kwanza, akabaki chini anapiga sakafu kwa mkono. Na bado, bila yeye, Pacers walikwenda mapumziko wakiongoza 48-47. Thunder waliikamata robo ya tatu. Timu iliyomaliza msimu wa kawaida na ushindi 68 na vipigo 14 ilipelekwa hadi nusu ya mwisho ya mchezo wa mwisho kabisa. Halafu mtu anasema aliona.

Kumtaja bingwa tu, Thunder, hata mtu asiyejua kudunda mpira angetaja. Timu zilikuwa mbili na mmoja ndiye aliyepewa nafasi kubwa na kila mtu. Mlichotuuzia ni uhakika, na uhakika hamkuwa nao.

Hesabu nyepesi tu, ambayo hawa mabwana hawataki kuigusa. Tuseme timu A ni bora kweli, kiasi kwamba kila mchezo ina nafasi ya asilimia 60. Hiyo si tofauti ndogo kwenye fainali. Katika mfululizo wa michezo saba, wa kwanza kufika ushindi nne, timu hiyo hutwaa kombe kama mara 71 katika 100. Maana yake mara 29 anachukua yule "mbovu", na dunia haijapinduka wala hakuna mchawi. Sasa yule anayesema "A kwa sita" kwa sauti ya kadhi anayesoma hukumu, nafasi yake ya kupatia hasa ni kama asilimia 21. Anakosa karibu mara nne katika tano! Sikatai, sema "kwa sita", ni raha ya mchezo. Ila usimtukane anayekuuliza kwa nini.

(Halafu mmeona jinsi wote wanavyopenda "kwa sita"? Minne unaonekana una chuki, saba unaonekana mwoga. Sita ni kichaka. Wanajificha humo wote.)

Nilisema nami nina dhambi zangu. 2016. Golden State Warriors wametoka kwenye msimu wa ushindi 73 na vipigo 9, rekodi ambayo hata Chicago ya Jordan haikufika. Wako mbele 3-1 dhidi ya Cleveland. Nilimwambia kila aliyekaa karibu yangu kwamba shughuli imekwisha, na sababu nilikuwa nazo: hakuna timu iliyowahi kutoka 3-1 kwenye fainali ikashinda. Draymond Green wa Warriors akafungiwa mchezo wa tano, nikasema haidhuru. Mwenzake Andrew Bogut akaumia goti, nikasema haidhuru. LeBron James na Kyrie Irving wa Cleveland wakafunga pointi 41 kila mmoja usiku ule ule wa mchezo wa tano, nikasema bahati. Mchezo wa saba, matokeo 89 kwa 89, dakika zinakwisha, Andre Iguodala wa Warriors anakwenda kuweka mpira kirahisi, LeBron akatokea nyuma akaubandika kwenye ubao. Kisha Kyrie akamtupia Stephen Curry wa Warriors usoni pointi tatu. 93-89. Ile haidhuru yangu ya mara tatu nimeikumbuka miaka yote hii. Taarifa zilikuwa mbele ya macho, nikazikataa kwa sababu nilishatangaza. Sikufuta kitu, nilikaa nikachekwa wiki nzima, na nilistahili.

Ndiyo maana nawajua hawa watu. Mtu akishatamka "imeisha" haangalii tena mchezo, anailinda kauli yake.

Mwaka 2021 Phoenix Suns wameongoza 2-0, wachambuzi wakaanza kuandika tenzi za kumsifu Chris Paul wao. Giannis Antetokounmpo wa Milwaukee alikuwa ametoka kuumia goti raundi iliyotangulia, walidhani amekwisha. Milwaukee wakashinda minne mfululizo, na Giannis akafunga 50 mchezo wa sita. Swali la maana baada ya ile 2-0 lilikuwa moja tu: michezo hiyo miwili imechezwa wapi? Phoenix! Mwenye uwanja anaanza na miwili kwake, inafuata miwili kwa mwenzake, ndio utaratibu wa siku hizi. Kushinda miwili nyumbani ni kutimiza wajibu. Lakini ukiandika hivyo hupati vigelegele, unaonekana huna msimamo.

2004 nayo inanikera mpaka kesho. Lakers wamewakusanya Shaq, Kobe, Karl Malone na Gary Payton, na uchambuzi wote ulikuwa kusoma majina hayo manne kwa sauti ya kutisha. Detroit Pistons hawakuwa na jina la kutisha mtu, walikuwa na ukuta. Mchezo wa tatu waliwaacha Lakers na pointi 68. Sitini na nane, timu nzima! Wakamaliza 4-1, Chauncey Billups mchezaji bora wa fainali. Yeyote aliyekuwa anatazama Pistons wanavyokaba, badala ya kuhesabu mastaa, angalau angesita. Kusita ndiko nilikokulipia, mabwana. Nilitaka mtu aniambie "hapa panatia shaka, na sababu ni hii".

Sasa kuna ule utetezi wao wa majeruhi. 2019 Toronto wakawapiga Warriors 4-2, ikaimbwa kwamba ubashiri ulikuwa sahihi ila majeruhi wameuharibu. Kevin Durant wa Warriors hakucheza minne ya kwanza, akarudi wa tano, ukano wa kisigino ukakatika. Mwenzake Klay Thompson goti likaondoka mchezo wa sita akiwa ameshatupia 30. Kweli, bahati mbaya kubwa. Lakini Durant alikuwa nje kabla fainali hazijaanza! Mlijua. Mliandika "Warriors" mkijua mtu wao mkubwa anachechemea, halafu mkajifanya mmepigwa na radi. Kuumia ni sehemu ya fainali za mwezi wa sita, baada ya watu kucheza michezo 82 na raundi tatu za mtoano juu yake. Anayebashiri bila kuweka nafasi ya mguu kukatika hajabashiri chochote.

Na siri kubwa ya hili kundi nimeigundua baadaye: wananakili odi, yaani zile namba za malipo ya kubeti, ambapo anayepewa nafasi kubwa ndiye mwenye ndogo. Wanafungua kampuni za kubeti, wanaona nani ana odi ndogo, wanaivalisha koti la maneno, "presha", "uzoefu", "njaa ya ubingwa", wanatuuzia. Odi zenyewe zina asilimia za mwenye duka ndani yake. Chukua mfano, timu moja 1.20, nyingine 4.50. Gawa 1 kwa kila moja: asilimia 83 na 22. Jumlisha. Ni 105. Zile tano za juu hazitoki mbinguni, zinatoka kwenye mkeka wako. Kwa hiyo nililipa mara mbili, kwa mwenye odi na kwa mwenye kunisomea odi.

Najua atakuja mtu aseme, mkuu, ni burudani tu, punguza povu. Burudani ya bure sina ugomvi nayo. Bishaneni barazani mpaka mkauke koo. Ukishaweka bei, leta vitu. Andika asilimia zako kabla mpira haujarushwa, acha zikae hapo, na zikikuumbua ziendelee kukaa hapo hapo. Nani anamkaba nani, nani mgonjwa, michezo miwili ya kwanza iko wapi, benchi lina nani wa kutoa pumzi. Na pale usipoona kitu, kaa kimya tu, hatutakudai.

Mwenye kundi, najua unapita humu kimya kimya. Kuna mwanachama mmoja aliipiga picha ile "Kalaleni" kabla hujaifuta. Ninayo. Jina lako linaonekana, na saa iko juu kabisa ya skrini.