Mrejesho: nyuso zilizokuwa zikitoka kijivu

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini nyuso za wanawake ninazochora zinatoka kijivu, kama zimepakwa majivu. Wengi mlisema niache rangi nyeusi. Nimeacha. Kivuli sasa nakipata kwa kahawia iliyokolea na buluu, na palipopigwa na jua natia rangi ya machungwa kidogo. Shavu la yule msichana wa Kiturkana limepata uhai, ingawa tyubu ya buluu imekwisha upesi, na bei mnaijua.

Aliyenituma Makumbusho ya Taifa nikatazame picha za watu wa makabila ya Kenya alizochora Joy Adamson, asante. Shanga na mavazi kayachora kwa uangalifu mno. Nyuso nyingine, kwa macho yangu, zimepoa.

Aibu niliipata Kibra. Nyanya mmoja Mnubi nilikuwa nimemchora akiwa na gurbaba, kitambaa wanachojifunga wanawake wa Kinubi, kutoka picha aliyojipiga kwa simu. Akaitazama, akacheka: "Mjukuu wangu, nani kanifunga gurbaba kinyume?" Kumbe kamera ya mbele iligeuza kushoto kuwa kulia. Akasimama, akajifunga upya polepole nikiangalia. Bega lote nimelifuta. Jumamosi narudi, atakaa mwenyewe.