Naomba ushauri: kaka yangu kuwekewa mrija wa kutoa maji kichwani

Habari zenu wakuu. Kaka yangu anaishi na VVU, akapata homa ya uti wa mgongo ya fangasi, kriptokokasi. Kwa dawa za fangasi, alianza na amfoterisini na flusitosini, sasa anameza flukonazoli. Wakimtoa maji mgongoni kichwa kinatulia, kisha presha ya ndani ya kichwa inapanda tena: anatapika, anaona vitu viwili viwili. Kipimo cha CT kimeonyesha maji yamejaa kwenye ubongo.

Daktari anashauri shanti, mrija unaopita chini ya ngozi kushusha maji hadi tumboni. Mama anaogopa kichwa kutobolewa. Mimi naogopa zaidi apofuke tukichelewa.

Mliouguza mgonjwa wa hivi, mrija uliwahi kuziba au kupata maambukizi? Mlitambuaje mapema? Na macho yalirudi?