Ushauri: Bi mkubwa anakuja Septemba, anataka kuona vijiji vya kale vya Ufaransa. Dordogne inafaa?

Kibarazani:
Wakuu, salaam. Niko Köln na familia. Bi mkubwa anakuja kututembelea Septemba, viza ya Schengen ameshapata. Ni mzaliwa wa Pangani, magoti yanamsumbua, lakini mweke mbele ya nyumba ya zamani uone: atauliza aliijenga nani, mlango ulichongwa wapi, na wenyewe walihamia wapi. Paris hataki. Anasema maghorofa na foleni za Dar zinamtosha.

Nina likizo ya wiki moja. Nimeipenda Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa: Sarlat, Beynac, na Rocamadour ya jirani. Je, inawezekana kwa treni na basi tu? Mtu mwenye magoti mabovu atafaidi wapi? Na chakula je, maana sisi ni halali tu? Nawasilisha.

Dereva wa Usiku:
Mkuu, uko Köln unaifuata Dordogne ya nini? Nenda Alsace, hapo mpakani na Ujerumani. Treni mpaka Strasbourg, kisha kama nusu saa nyingine uko Colmar, na Eguisheim iko kilomita chache tu kutoka hapo. Vichochoro vyake vinazunguka kijiji duara kwa duara, nyumba za fremu za mbao zimepakwa rangi kila moja yake. Hakuna vilima vya kumtesa mama wa watu.

Bint Mrima:
Alsace ni nzuri, sipingi. Lakini mama anayeuliza "aliijenga nani" mpeleke Dordogne, kule majibu yapo.

Kwa mfano Beynac. Ngome imekaa juu ya jabali, mto uko chini, na ng'ambo unaiona ngome ya Castelnaud inaitazama. Wakati wa Vita vya Miaka Mia, Wafaransa na Waingereza waligombea bonde hili, na hizo ngome mbili zikawa pande zinazopingana. Vita vilianza 1337 vikaisha 1453, huko huko bonde la Dordogne, kwenye mapigano ya Castillon. Ukisimama juu unaelewa bila kuelezwa: mto ndio uliokuwa barabara, na mwenye jabali ndiye mwenye mto. Sasa usimpandishe bi mkubwa kwa miguu kutoka mtoni, ule mteremko hata vijana wanahema. Zunguka na gari, kuna maegesho juu karibu na ngome.

Kuhusu basi, sahau. Ratiba nyingi za vijijini zimepangwa kwa ajili ya wanafunzi, Jumapili unaweza usione kitu. Panda treni hadi Paris, badili stesheni uende Austerlitz, kisha Brive, kama saa nne na nusu hivi. Gari kodini Brive.

Mzee Wa Gereji:
Kuhusu gari: kama hujazoea manyuo, agiza auto mapema, Ufaransa magari mengi ya kukodi bado ni manyuo. Barabara za vijijini mwendo ni 80, sehemu nyingine 90, angalia kibao. Na pasipo alama yoyote kwenye makutano, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata akitokea kwenye kichochoro cha mbuzi. Atapita kweli, hakuangalii.

Chai ya Rangi:
Dada yangu, kwa magoti hayo kijiji ni kimoja: Monpazier. Tambarare kabisa. Kilianzishwa 1284 kwa amri ya Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza ambaye pia alikuwa mtawala wa Aquitaine. Mitaa imenyooka na kukatana kwa pembe kama imepigwa rula, katikati kuna uwanja wenye matao pande zote, kwa hiyo jua au mvua mama anatembea kivulini. Kwenye banda la soko la mbao wamebakiza vipimo vya nafaka vya zamani. Mwambie avitazame vizuri, mtu aliyekulia enzi za pishi na kibaba atakuwa na la kusema.

Kitu kingine mtafute: kati ya nyumba na nyumba wameacha upenyo mwembamba, huwezi kupita hata ukijibana. Ulisaidia moto usiruke kutoka paa hadi paa, na maji machafu yalimwagwa humo.

Kibarazani:
Chai ya Rangi, mimi ni mwanaume 😀 Asante lakini. Na Rocamadour? Nasikia ngazi.

Chai ya Rangi:
Kaka, samahani 😀 Ngazi 216 kutoka kijijini hadi makanisa, na zamani mahujaji wengine walizipanda kwa magoti. Ila kuna lifti, ya kulipia. Mtishe kwanza na ngazi, halafu umwonyeshe lifti.

Bint Mrima:
Chakula: kule kila kitu ni bata. Na viazi vile maarufu vya Sarlat vinakaangwa kwa mafuta ya bata au bata bukini, usidhani ni viazi vya kawaida. Uliza kabla ya kuagiza. Samaki wa mtoni, kimanda cha uyoga, jibini ndogo za mbuzi za Rocamadour na keki ya kokwa za *walnut* zitawaokoa, ila kwa samaki uliza kama mchuzi una mvinyo. Bora mpange nyumba yenye jiko, nyama bebeni kutoka bucha la halali mjini. Chakula cha mchana ni saa sita hadi saa nane basi. Ukifika saa nane na nusu utaambiwa jiko limefungwa, na hakuna wa kumbembeleza.

Na ukiingia dukani sema "bonjour" kwanza. Usipoamkia, umeshaharibu. Bi mkubwa hapo hatakuwa na tatizo.

Dereva wa Usiku:
Haya nimeshindwa 😀 Mkiwa huko, je, Lascaux, lile pango la michoro ya kale? Nasikia unaonyeshwa nakala, pango lenyewe limefungwa. Hela ya bure hiyo.

Mzee Wa Gereji:
Si bure. Pango liligunduliwa 1940 na vijana wa pale Montignac, likafungwa 1963 kwa sababu pumzi za wageni zilikuwa zinaharibu michoro, hewa chafu na mwani kuota ukutani. Nakala kamili ilifunguliwa mwishoni mwa 2016. Ng'ombe wale ni wakubwa kuliko unavyowaza ukiwaona kwenye vitabu. Ila nunua tiketi mapema na uulize kuna ziara ya lugha gani.

Mwana wa Nahodha:
Mmemsahau Joséphine Baker! Ngome ya Les Milandes iko karibu na Castelnaud. Mama mweusi kutoka Marekani, msanii, alifanya ujasusi dhidi ya Wanazi, akainunua ngome 1947 na kulea humo watoto 12 aliowaasili kutoka pande mbalimbali za dunia. Madeni yakamtoa mwishoni mwa miaka ya 60. Mwaka 2021 akaingizwa Panthéon, jengo la Paris wanakoenziwa mashujaa wa Ufaransa. Mavazi yake ya jukwaani bado yako pale ndani. Bi mkubwa akiuliza "wenyewe wako wapi", hapo kuna kisa cha kumaliza mchana mzima.

Kibarazani:
Hiyo imeingia ya kwanza kwenye orodha. Basi tutalala Sarlat siku zote, Monpazier siku moja, Rocamadour siku moja kwa lifti. Lascaux nitamwachia yeye aamue. Tarehe bado sijafunga.

Bint Mrima:
Kama unaweza, ingia wikiendi ya tatu ya Septemba. Ni siku za urithi Ufaransa nzima, majengo mengi ambayo kwa kawaida yamefungwa yanafunguliwa, mengi bure. Na soko la Sarlat ni Jumatano na Jumamosi. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, ukichelewa utazunguka na gari huku bi mkubwa anakuuliza tunatafuta nini.