Jumamosi ya mwisho wa mwezi: tuendelee kufungiwa mpaka saa nne, au manispaa izoe taka inazotutoza ada?

Kinyozi wa Sokoni
Wakuu salaam. Mji siutaji, wa mji huu watajijua.

Jumamosi iliyopita ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mgambo wakapita na kipaza sauti: hakuna kufungua biashara mpaka saa nne, wote usafi. Mimi kinyozi. Jumamosi asubuhi ndiyo mshahara wangu: kuna maharusi, kuna akina baba wanaleta watoto watatu watatu. Nikaweka kufuli, nikachukua chepe. Tukazibua mtaro wa mbele ya soko. Tope jeusi, harufu ya yai viza, likatoka na chupa, kandambili za mguu mmoja mmoja, hata pasi ya mkaa. Tukalundika pembeni, tukaambiwa gari linakuja. Saa nne mtendaji akapiga picha lundo, akapigwa na ya kwake ameshika fagio, akaondoka.

Leo Jumatano, lundo lipo palepale. Juzi usiku imenyesha, nusu ya tope imerudi mtaroni yenyewe.

Jana nimekwenda manispaa kulipia leseni, nikasoma ubao wa matangazo. Kuna karatasi: taarifa ya shughuli za idara kwa mwezi. Afya wamekagua migahawa na machinjio. Mifugo wamechanja mbwa. Maendeleo ya jamii wametoa mafunzo kwa vikundi. Usafi na mazingira: "zoezi la usafi wa mwisho wa mwezi limefanyika kwa mafanikio makubwa." Na kila idara, mstari wa kwanza: vikao vimefanyika. Jamani, kikao nacho ni shughuli?

Hoja yangu ni moja. Ada ya taka nalipa kila mwezi, risiti ninazo. Kwa nini nifungiwe duka ili nizoe taka ambazo nimeshamlipa mtu azizoe? Na wale mama ntilie wa pale kona, wanaomwaga maji ya samaki na ukoko mtaroni humohumo, mbona fagio hawagusi?

Karibuni, bila matusi.

Mpita Njia
Naweka mkeka hapa.

Dada Sufuria
Mama ntilie ni nani? Nauliza kwa upole kabisa. Hiyo kazi ina jina, tunaitwa mama lishe. Napima afya kila miezi sita, cheti kimebandikwa ukutani, bwana afya akija anaangalia mpaka kucha. Mtu anakula kwangu wali maharage kwa mkopo wiki nzima, jioni anaingia mtandaoni kuniita ntilie.

Kinyozi wa Sokoni
Dada yangu, katika maneno yote yale umeona hilo moja?

Dada Sufuria
Ndilo lililonihusu.

Mzee Kofia
Wanangu, tusigombane kwa neno lisilo na kosa. Ntilie ni "nitilie". Mteja anasimama na sahani: mama, nitilie mchuzi. Jina lilitoka kwenye mdomo wa mwenye njaa. Nikiwa kibarua bandari ya Tanga miaka ya themanini wote tuliwaita hivyo na tuliwaheshimu kama mama zetu. Hili la "lishe" limekuja na semina.

Binti wa Kata ya Tatu
Mzee shikamoo. Kwa heshima zote, neno linaweza kuzaliwa zuri likakua baya. Siku hizi mtu akisema "we ntilie" hamaanishi mchuzi.

Mzee Kofia
Marahaba mwanangu. Basi mbona baba lishe naye mimi sijawahi kumsikia akiitwa baba ntilie? Nalo lifikirini.

Jogoo la Mjini
Mleta mada ana hoja ila anasahau historia. Hii ilianza 2016 Magufuli alipofuta Uhuru Day watu wakashika mafagio. Kabla ya hapo miji yetu ilikuwa jalala. Mimi naunga mkono tufungwe hata mpaka saa sita.

Mwalimu Chaki
Ni 9 Desemba 2015, siyo 2016. Alifuta sherehe, fedha zake, kama bilioni nne, zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, na yeye mwenyewe akaonekana anaokota taka pale Feri. Kipindupindu kilikuwa kimeanza Dar mwezi wa nane mwaka huohuo. Tukitaja historia tuitaje vizuri.

Jogoo la Mjini
Mwalimu umesahihisha mwaka, hoja umeiacha. Kazi ya kalamu nyekundu.

Dada Sufuria
Na mwaka huo wa kipindupindu ni nani alianza kufukuzwa barabarani? Sisi. Hao wenye mitaro mibovu hakuna aliyewagusa.

Dereva wa Rusumo
Mimi napiga mzigo Kigali. Umuganda, ile kazi ya pamoja ya wananchi, kule ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kama hapa, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tano, kila mwenye miaka 18 hadi 65. Lori unalipaki, barabara kimya. Asiyeonekana anaweza kutozwa faini ya faranga elfu tano. Wakimaliza wanakaa chini wanazungumza mambo ya mtaa wao, na kiongozi yupo hapohapo anaulizwa. Sisi tumechukua fagio, tukaacha mazungumzo.

Jogoo la Mjini
Hamia basi.

Dereva wa Rusumo
Nahamia kila wiki, na kurudi. Wewe uliyekaa hapo hapo umeshazoa nini?

Mtoto wa Moshi
Msihangaike kwenda Kigali, njooni Moshi. Ukidondosha ganda la ndizi unaliokota mwenyewe kwa aibu, mgambo hajafika. Usafi unaanzia nyumbani.

Binti wa Kata ya Tatu
Nilijua mtakuja. Hakuna mada ya usafi nchi hii inayoisha bila mtu wa Moshi kutandika kitambaa cheupe.

Mtumishi Mtiifu
Nimesoma kimyakimya, lakini hili la vikao limeniudhi. Ninyi mnadhani kikao ni soda na karanga. Kamati ya fedha inakaa kila mwezi, ni utaratibu. Baraza la madiwani linakaa kila robo, ni utaratibu. Kabla halijakaa kuna wakuu wa idara kukaa, kuna taarifa za kata kuunganishwa, kuna mtu anayelala saa nane usiku ili mheshimiwa diwani aulize swali la dakika moja. Hakuna shilingi inayotoka bila kikao. Mkisema kikao siyo shughuli mnatutukana watu tunaofanya kazi.

Halafu kwa taarifa yenu, mitaro ya barabara za mjini siyo ya idara ya usafi. Tangu 2017 barabara za mijini na vijijini zilikwenda kwa wakala wa serikali, TARURA, pamoja na mitaro yake. Idara inazoa taka ngumu. Tope la mtaroni ni mali ya nani? Mtaona ni swali gumu kuliko mnavyodhani.

Mpita Njia
"Tope ni mali ya nani." Hii naipeleka kwenye grupu la familia.

Kinyozi wa Sokoni
Mtumishi, unalala saa nane kwa ajili ya taarifa, mimi naamka saa kumi na mbili kwa ajili ya tope. Nani amwonee mwenzake huruma?

Mtumishi Mtiifu
Sijaomba huruma. Nimesema tuheshimiane.

Mwalimu Chaki
Samahani, hapo kwenye TARURA pana jambo kubwa. Kama mtaro ni wa huyu, taka ni za yule, na nguvu kazi ni ya mwenye duka, basi lundo linabaki kwa sababu haliko kwenye orodha ya mtu yeyote. Hilo ndilo la kuuliza kwenye...

Dada Sufuria
Mwalimu subiri kidogo, nina la kumwambia kinyozi. Kaka, nimekujua. Kibao chako kimeandikwa "punguzo kwa wanafunzi" na Z imegeuka kushoto. Una ndoo nyeupe iliyokuwa ya rangi, unakusanyia nywele. Saa moja jioni ukifunga, ile ndoo unaikung'utia wapi?

Jogoo la Mjini
😂😂😂 Mkeka umewaka moto.

Mpita Njia
Kinyozi rudi tafadhali, tunakungoja.

Kinyozi wa Sokoni
Kwanza Z aligeuza fundi. Pili, nywele ni kitu asilia, zinaoza, ni mbolea. Tatu, siyo kila siku.

Binti wa Kata ya Tatu
"Siyo kila siku" 😭

Fundi Bomba
Mimi kazi yangu kuzibua. Nywele peke yake zinaweza kupita. Mafuta ya kupikia peke yake yanaweza kupita. Vikikutana ndani ya bomba au kwenye karavati, nywele zinakuwa uzi na mafuta yanakuwa gundi, vinasukana kama mkeka, halafu mfuko mmoja wa nailoni ukitua juu yake basi. Ukivuta inatoka kitu kama panya mkubwa. Kwa hiyo kinyozi na mama lishe, ninyi wawili mnafanya biashara moja na hamjui.

Mzee Kofia
Waoaneni yaishe.

Dada Sufuria
Mzee nakuheshimu, hapo umevuka.

Mtoto wa Moshi
Nailoni si ilipigwa marufuku 1 Juni 2019? Fundi hiyo ya mwaka gani?

Fundi Bomba
Ilipigwa marufuku juu ya ardhi. Chini bado ipo.

Mama Watoto Wanne
Fundi, samahani kutoka nje ya mada. Sinki langu la jikoni linarudisha maji, unatoza kiasi gani?

Fundi Bomba
Inategemea, mama. Linarudisha taratibu au linapiga mapovu?

Mama Watoto Wanne
Mapovu.

Fundi Bomba
Hiyo siyo sinki, ni chemba ya nje. Usimwage kemikali, utaharibu bomba. Fungua mfuniko uchungulie kwanza.

Kinyozi wa Sokoni
Jamani. Niliuliza kuhusu ada ya taka. Mtumishi, ile ada inakwenda wapi?

Mtumishi Mtiifu
Inakusanywa na wakala kwa mashine, inaingia benki, matumizi yanabandikwa ubaoni kila robo. Ulikuwa unasoma ubao huohuo, ungegeuza macho kulia.

Kinyozi wa Sokoni
Kulia palikuwa na tangazo la bonanza la watumishi.

Mtumishi Mtiifu
Bonanza ni afya ya mtumishi.

Dada Sufuria
Na mimi niulize, maana mmesema maendeleo ya jamii wametoa mafunzo. Mwisho wa 2018 tuliambiwa toa elfu ishirini ya kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, hakuna atakayekusumbua tena. Nikatoa. Nimesumbuliwa. Tukaambiwa unda kikundi upate mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya halmashauri. Tukaunda, watu watano, katiba, akaunti, picha za pasipoti. Aprili 2023 mikopo ikasitishwa faili letu likiwa mezani. Iliporudi mwaka uliofuata tukaambiwa tuanze upya, kuna mafunzo. Mimi nimefundishwa ujasiriamali mara tatu. Nasonga ugali tangu nina miaka kumi na tisa, mtu anakuja kunichorea mshale wa mtaji na faida.

Binti wa Kata ya Tatu
Hapo dada umenena.

Kinyozi wa Sokoni
Angalau wanawake mna nne kati ya hizo kumi, vijana nne, wenye ulemavu mbili. Mwanaume wa miaka hamsini, mzima wa viungo, fungu lake lipi?

Dada Sufuria
Fungu lake ni kula kwangu kwa mkopo. Unadaiwa tangu Alhamisi ya juzi ile.

Mpita Njia
NIMEKUFA.

Jogoo la Mjini
Mada ifungwe, mshindi amepatikana.

Mwalimu Chaki
Hakuna aliyejibu swali. Lundo la tope, kwa utaratibu uliopo, ni la TARURA au la manispaa? Mtumishi, wewe ndiye uliyelileta.

Mtumishi Mtiifu
Mwalimu, lile nimeliuliza, sijalijibu. Linatakiwa lijadiliwe na pande zote mbili.

Mwalimu Chaki
Kwenye kikao.

Mtumishi Mtiifu
Sasa ulitaka lijadiliwe wapi?

Dereva wa Rusumo
Kwenye jamvi, saa tano asubuhi, mikono bado ina tope.

Jogoo la Mjini
Huyu Kigali imemwingia.

Mtoto wa Moshi
Kwetu lingeshaondolewa.

Binti wa Kata ya Tatu
Kaa kimya kidogo, mpendwa.

Mama Watoto Wanne
Fundi nimefungua mfuniko. Kuna kitu kama panya.

Fundi Bomba
Siyo panya hiyo. Vaa glavu, vuta taratibu. Mna kinyozi jirani?

Mama Watoto Wanne
Mume wangu ananyolea watoto bafuni.

Fundi Bomba
Haya.

Bwana Harusi Mtarajiwa
Wakuu nimeingia sasa hivi, sijasoma yote. Hivi ya mwezi huu, ile ya mwisho, kinyozi wa karibu na soko anafungua saa ngapi? Ndoa yangu ni siku hiyohiyo saa tatu, siwezi kusubiri mpaka saa nne. Nina nywele kama jiwe la kusugulia miguu.

Kinyozi wa Sokoni
Hongera sana mdogo wangu. Njoo saa moja, mlango wa nyuma, gonga mara mbili. Mashine nitaichaji usiku ili jenereta isipige kelele. Usilete kundi.

Mtumishi Mtiifu
Nimeliona hilo.