Mrejesho: kumbe EmrE hulala mzungu wa nne

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini EmrE, kisafirishi kidogo (protini ya utando inayovusha vitu) cha bakteria E. coli, chenye amino asidi 110, kinanipa majibu yanayogongana. Nikikiunganisha mkiani na GFP (protini ya kung'aa kijani) kinang'aa, maana yake mkia uko ndani ya seli. Nikiweka PhoA (kimeng'enya), nayo inafanya kazi, ilhali huamka nje ya utando wa ndani tu. Nilidhani nimechanganya plasmidi (DNA za kubebea jeni).

Aliyesema "usitupe, hesabu kwanza laisini na ajinini" (amino asidi zenye chaji chanya), asante sana. Kawaida upande wenye chaji chanya nyingi hubaki ndani ya seli. Kwa EmrE chaji hizo zinakaribia kulingana pande zote mbili za utando, hivyo protini haina upande inaoupenda: nyingine zinaingia hivi, nyingine kinyume, kisha mbili zinashikana kichwa kwa mguu. Nilipoongeza ajinini kwenye kitanzi kimoja, mwanga wa GFP ukafifia, PhoA ikabaki, yaani mkia umeelekea nje.

Ushauri wa kuzifunga hizo mbili pamoja kwa sisteini (amino asidi zinazoweza kushikana) umenishinda. Jeli ya kutenganishia protini ilitoka ukungu mtupu, mara mbili, nikaacha. Atakayejaribu akumbuke pia GFP ni ndefu kuliko EmrE zaidi ya mara mbili. Mzigo huo nao unaweza kuvuruga mambo.