Jinzi kuukuu: mkoba, koti la viraka au nguo za watoto?

MamaViraka, Dar es Salaam
Wapendwa, nimenunua jinzi 23 zilizobaki chini ya robota la mitumba, zile wachuuzi wa soko la Karume wamezikatia tamaa: magoti yametoboka, zipu zimekufa. Naumia nikifikiri zingeishia jalalani. Cherehani yangu ni ya miguu. Nishone mikoba, makoti ya viraka au nguo za watoto? Nataka kitu kitakachouzika.

Fundi wa Gikomba
Mikoba, dada. Koti la viraka linapendeza sana, lakini la kwanza lilinila siku tatu kwa kufumua, kupiga pasi na kupanga rangi, halafu mteja akataka bei ya fagia, ile ya mabaki ya mitumba. Mikoba natoa miwili kwa siku.

Kazi kubwa ni kufumua. Jinzi nyingi, mshono wa ndani ya mguu umekunjwa na kupigwa nyuzi mbili. Huo uache. Fumua wa nje kwa wembe, ufungue mguu wote, utapata kipande kipana chenye ule mshono katikati kama urembo. Mfuko wa nyuma usiubandue, utakaa simu. Sindano weka namba 16, na penye mikunjo mingi zungusha gurudumu kwa mkono, usikanyage.

Na asante kwa kuziokoa. Hapa kwetu naona nguo zilivyojaa kingo za Mto Nairobi, inauma.

Bint Kisauni
Naunga mkono mkoba, ila kagua kitambaa kwanza. Ivute jinzi kwa upana. Ikinyumbuka kama mpira, mkoba wake utalegea ukibeba sukari kilo mbili. Hiyo mshonee mtoto suruali, ataruka nayo vizuri. Ngumu ndiyo ya mkoba.

Bitana tumia leso kuukuu, yaani kanga. Mimi hukata pale penye jina, yale maneno yaliyoandikwa, nikalipanga karibu na mdomo wa mkoba, mteja akifungua tu analisoma. Hiyo ndiyo inayoniuzia.

Mshonaji, Arusha
Kwa watoto mimi nachagua mashati ya kiume kuliko jinzi. Ukosi huchakaa kwanza, mgongo ukabaki mzima. Geuza, vifungo vikae mgongoni, una gauni la mtoto bila kutoboa hata tundu moja. Ila choma uzi mmoja kwa kiberiti: pamba huacha majivu laini, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Hiyo ya pili joto lake mtoto haliwezi.

MamaViraka
Shikamooni wakubwa wangu! Nimevuta zote: 9 zinanyumbuka, 14 ngumu. Kwa hiyo mikoba kwanza. Vipande vidogo naweka, koti moja nitashona taratibu, la kwangu mwenyewe. Fundi, zipu nizitupe?

Fundi wa Gikomba
Usitupe! Nyingi meno ni mazima, kichwa ndicho kimelegea. Kibane kwa koleo upande huu na huu, kidogo kidogo, huku ukijaribu. Ukizidisha kinavunjika.